Shahidi Chini ya Shela

Mume wangu alikuwa mwendesha mashtaka wa mahakama ya Kwale, na watu wengi walidhani kwa kazi ile lazima awe mtu wa kutisha. Wangemwona akishindwa kumfukuza jogoo sebuleni wangebadili mawazo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mzaliwa wa Vanga, ukoo wake wote mabaharia, ila yeye akikanyaga ngalawa tu tumbo linamchafuka. Aliingia polisi enzi za Mzungu, na bendera ilipobadilishwa akavishwa nyota begani, akaambiwa kuanzia sasa yeye ndiye atakayesimama mbele ya hakimu kuwashtaki wahalifu. Siku hizo ndivyo ilivyokuwa, mashtaka ya mahakama za wilayani yaliendeshwa na polisi wenyewe. Aliifurahia kazi ile kama aliyeoa mke wa pili, nami nilimwambia hivyo, akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza palepale Kwale. Tulikaa nyumba ya serikali, juu mlimani, penye ukungu wa asubuhi ambao mimi mtu wa pwani sikuupenda hata siku moja. Kwetu ni Mwabungo, na shule ikifungwa leo, mimi mzigo nimeufunga jana. Mume wangu alikuwa akisema mkewe ana waume wawili, yeye na Mwabungo, na Mwabungo ndiye mpenzi.

Mwaka ninaousimulia mvua ilitufanyia mzaha. Mihogo ilikonda ardhini, na watu wa kusini, kuanzia Msambweni mpaka Kibuyuni, wakaanza kuchimba mizizi ya mwituni ambayo usipoichemsha ipasavyo inakulewesha ukaanguka. Serikali yetu changa ikaleta mahindi ya msaada, yale ya manjano, yagawiwe bure. Yakawekwa katika ghala la bwana mmoja mwenye cheo katika baraza la kule, ambaye sote tulimwita Mheshimiwa. Jina lake silitaji. Wajukuu zake ni watu wema na mmoja amemwoa binti wa jirani yangu. Alikuwa na gari jeusi, na tumbo lililotangulia kuingia mlangoni yeye akifuata. Basi yale mahindi, badala ya kwenda kwa wenye njaa, yakamwagwa katika magunia mengine yasiyo na alama ya serikali, yakapelekwa kuuzwa Mombasa. Wenye njaa wakaambiwa meli imechelewa.

Mume wangu akamfungulia mashtaka. Mkubwa wake wa kazi, ambaye kila Ijumaa alikuwa akila wali nyumbani kwa Mheshimiwa, alimwita akamshauri kwa upole kwamba nchi bado changa, si vizuri kuwaaibisha viongozi. Mume wangu akamjibu kwamba kitu kichanga ndicho kinachohitaji kulishwa. Aliporudi kunisimulia, nilimkasirikia kwa ule ujeuri, kisha nikaingia jikoni nikatabasamu peke yangu.

Baada ya hapo mambo yakaanza. Mawe yakawa yanatua juu ya bati letu wakati wa chakula. Mtu nisiyemjua alinifuata sokoni akaniuliza kama mume wangu hapendi kuwaona wanawe wakikua. Siku nyingine mume wangu alitoka na baiskeli yake kuteremka ule mlima wa Kwale, akavuta breki, breki hazipo, zimekatwa. Aliteremka akipiga kelele mpaka akaishia ndani ya shamba la mihogo la bibi mmoja, ambaye alitoka na jembe akidhani ni nguruwe. Tulicheka sana jioni ile tukimpaka dawa magotini. Tulicheka, lakini tangu siku ile nikawa siwezi kulala kabla sijasikia pumzi za watoto.

Mashahidi nao wakaanza kuyeyuka. Dereva wa lori lililobeba mahindi alipata kazi ghafla Mombasa, hakuonekana tena. Karani wa ghala alipatwa na maradhi ya kusahau. Ukimuuliza habari ya mahindi, anakuuliza mahindi ni nini. Akabaki mmoja tu, mwanamke mjane aliyepanga chumba uani pa lile ghala akiuza mahamri. Dirisha lake lilitazama mlango wa ghala. Alimwona Mheshimiwa mwenyewe, kwa macho yake, amesimama pale akiwahimiza watu wamwage mahindi upesi upesi.

Hakimu alikuwa Mzungu mzee aliyebaki akingoja kurudi kwao. Aliahirisha kesi hata akachoka, mwisho akasema hataahirisha tena. Siku itakayofuata shahidi asipotokea, mshtakiwa atakwenda zake. Na yule mkubwa wa kazi akaongeza la kwake: kesi ikianguka, mume wangu atashtakiwa yeye kwa kumharibia mtu jina, na kibarua chake kitaota nyasi. Kwa hiyo kila kitu chetu, nyumba, mshahara, heshima, na mahindi ya watu wa Msambweni, kilikuwa kimening'inia kwa mjane mmoja muuza mahamri.

Shule ikafungwa, nikateremka Mwabungo. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa na kijana wa idara ya misitu aliyekuwa akifanya kazi Kwale, na nyumba yetu ilikuwa imejaa wanawake, sufuria na kelele. Bi harusi alikuwa ameshatiwa ndani. Kwetu msichana akitiwa ndani, chumba kile hakiingii mwanamume, awe nani awe nani. Hata baba yetu mzazi akitaka kumsalimu mwanawe alikohoa ukumbini akasemea hukohuko. Mwenye amri mle ndani alikuwa somo, yaani mwanamke wa makamo anayemfunda bi harusi na kumsugua na kumpamba. Somo wa mdogo wangu alikuwa mwanamke wa miraba minne, rafiki wa mama, na hata mama alimwogopa.

Nilikuwa nyuma ya nyumba nakuna nazi, akatokea mwanamke mnene, amebeba kapu kichwani, buibui limejaa vumbi.

"Ndiwe mke wa yule mrefu wa mahakamani?" akaniuliza.

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji, halafu nifiche."

Alikuwa yule mjane. Asubuhi ile alikuta kuku mweusi aliyechinjwa kizingitini pake, na kabla hajamaliza kushangaa, gari likasimama mbele ya ghala, watu wakaanza kumuulizia. Alitoka kwa mlango wa nyuma na kapu lake la mahamri, akaja njia za mashambani kutoka Msambweni, akiuza njiani ili asishukiwe. Kituo cha polisi hakutaka kukisikia, maana alikwisha kuwaona polisi wakila wali ghalani. Ila alimwona mume wangu mara moja alipokwenda kuandikisha maneno yake, akaona uso wake, akasema huyu hawezi kudanganya hata akitaka. Akauliza kwa wakwe zake ni wapi. Nilimpenda tangu pale, na sauti yake iliyoweza kumwita mtu aliye kisiwani Chale akasikia.

Nilimpeleka kwa somo. Somo alimtazama juu chini, akatemea tambuu yake dirishani, akasema, "Haya, ingia ndani. Una bahati, liwa ya kusugua mwili iko nyingi."

Hawakuchelewa kufika, wanaume wanne wenye fimbo, wakiongozwa na jamaa mmoja mrefu mwenye kovu shavuni. Walisema wanamtafuta mwizi wa kike. Wakatafuta jikoni, wakatafuta bandani, wakatafuta hata chooni, wazee wetu wa kiume wakiwatazama kwa mshangao. Mwisho wakafika mlango wa chumba cha bi harusi. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele.

"Mna nini humu?" akauliza yule wa kovu.

"Mna mwanangu, yu kama alivyozaliwa, anasuguliwa liwa," mama akajibu bila kuinua macho. "Ingieni tu, wanangu. Kisha mtakwenda wenyewe kumweleza kadhi mlichokiona."

Waliondoka wakisukumana. Ndani ya chumba wanawake walikuwa wameziba midomo kwa leso, na yule mjane alikuwa akitikisika kwa kicheko mpaka kitanda kinalia.

Sasa somo yule hakuwa mtu wa kumwona mwanamke amekaa bure. Alimsugua mdogo wangu, akimaliza akamsugua na mjane. Akampaka hina mikononi na miguuni, akamfukiza udi. Mjane alilalamika kwamba yeye ni mtu mzima, asichezewe, na huku anageuza mguu wa pili upakwe. Hina ilipokauka aliigeuzageuza mikono yake akiitazama. Alisema marehemu mumewe angemcheka. Kisha akaomba apakwe tena, imekaa hafifu.

Ijumaa nikaha ikasomwa msikitini, na mume wangu akateremka kuja kushuhudia. Nilishtuka kumwona. Kola ya shati imekuwa kubwa shingoni, macho mekundu. Alinivuta kando, nyuma ya jiko.

"Mke wangu, hujasikia lolote kuhusu yule mjane wa Msambweni?"

"Nitasikia wapi bwana, nami niko moshini toka alfajiri?"

Mjane mwenyewe alikuwa upande wa pili wa ukuta ule, hatua chache, anakula halua. Ulimi uliniwasha. Lakini nilimjua mume wangu. Mtu yule hata kunidanganya kwamba mchuzi ni mtamu hawezi, uso unamsaliti. Mkubwa wake angemtazama mara moja asubuhi, angejua. Na wakili wa Mheshimiwa angemuuliza mbele ya hakimu kama ni yeye aliyemficha shahidi, naye angejibu kweli. Nikanyamaza. Akanishika mkono akakaa nao kitambo kirefu, akaniangalia kwa namna ambayo si yake, akasema nijihadhari. Nikaona ni uchovu. Akarudi Kwale jioni ileile kwa ajili ya kesi, ambayo ilikuwa Jumatatu.

Siku iliyofuata nikaha ndiyo bi harusi alipaswa kupelekwa kwa mumewe Kwale. Somo akatangaza kwamba haiwezekani, ametazama nyota za maharusi hawa hazijakaa sawa, apelekwe Jumatatu asubuhi. Wanaume wakikutana na neno la nyota kutoka kwa somo hawana la kusema. Bwana harusi peke yake ndiye aliyetuma watu kuuliza kama hakuna nyota nyingine.

Kilichobaki ni mdogo wangu. Alipoambiwa kwamba siku ya kutoka kwake shela atavaa mjane, na yeye atakaa pamoja na wengine ndani ya buibui la kawaida, aliangua kilio.

"Harusi yangu mimi! Nimekaa ndani hapa nimesuguliwa mpaka ngozi imekwisha, kisha shela avae bibi mwenye meno ya tambuu?"

Nikamwahidi bangili zangu za dhahabu. Akalia kidogo zaidi, nikaongeza na vipuli. Akafuta machozi akasema basi, ila bibi huyo asilichane.

Jumatatu asubuhi tulipanda lori la mjomba, lori la kubebea nazi, tumejazana na watoto na magodoro na masufuria na ngoma zetu za matwari. Katikati tulimweka bi harusi wetu, amevikwa leso za kisutu, shela jekundu limemfunika mpaka kiunoni. Agizo lilikuwa moja: bi harusi hasemi. Kwa mwanamke yule lilikuwa agizo zito kuliko kesi yenyewe. Tukapita Ukunda tukiimba. Nilikuwa naimba huku nikichungulia njia ya mbele, maana nilijua daraja la Mwachema ni jembamba, na mtu akitaka kumzuia yeyote atokaye kusini, atasimama pale.

Na kweli walikuwapo. Gari jeusi limeegeshwa kando, gogo limelazwa njiani, na yule wa kovu amesimama katikati ya barabara.

"Shukeni wote. Mpite daraja kwa miguu, mmoja mmoja."

Somo akainuka juu ya lori akiwa ameshika kiuno. "Mwanangu, wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa Kibuyuni."

"Kibuyuni hakuna harusi? Bi harusi wa ukoo huu hakanyagi chini tangu atoke kwao mpaka aingie kwa mumewe. Unataka akanyage hapa, kwenye vumbi lako, avunjikiwe na nyumba?"

"Basi abebwe," akasema. "Lakini lori lisipite na mtu."

Hapo ndipo ilipobidi mila itimizwe kweli, maana kwetu bi harusi hubebwa na somo wake. Somo aliinama, tukampakia mjane mgongoni pake. Nilimsikia somo akitaja jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti ya chini, kisha akaanza kwenda. Wanawake wakapiga matwari. Mmoja wa wale wenye fimbo akacheka akasema bwana harusi huyu amepata mke wa kuilaza njaa nyumba nzima. Nikaona shela linatikisika, nikajua mjane anataka kumjibu, nikambana paja kwa nguvu zangu zote.

"Mfunueni uso," akasema yule mcheshi. "Tumwone."

"Aoneshwe nani?" mama akamrukia. "Uso wa bi harusi una mwenyewe, na mwenyewe hutoa kipamkono kabla ya kuuona. Wewe umekuja na nini? Dhahabu iko wapi? Na ukishamwona utamwoa?" Wanawake wakamzunguka wakimwimbia nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa, akarudi nyuma mpaka kwenye gari.

Lakini yule wa kovu hakucheka wala hakurudi nyuma. Alikuwa akitazama chini. Leso ilikuwa imepanda mgongoni kwa somo, na miguu ya mjane ilikuwa inaning'inia nje, imepakwa hina vizuri sana, na visigino vyake vimepasuka mipasuko mirefu ya mtu aliyetembea pekupeku miaka mingi. Hakuna msichana wa kuolewa mwenye visigino vile. Alivitazama, akanitazama mimi, nikajua amejua. Nilianza kusoma kimoyomoyo kila nilichofundishwa chuoni nikiwa mdogo, nikakichanganya chote.

Akaenda mwenyewe kuliondoa gogo.

"Bi harusi apite," akawaambia wenzake. Kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mwambieni apake mafuta visiginoni. Mume asije akachanika."

Miaka baadaye nilimkuta Msambweni, amekuwa mvuvi na baba wa watu, nikamuuliza kwa nini. Alisema mama yake mzazi alikuwa amepanga foleni mbele ya lile ghala akarudishwa mikono mitupu, na yeye wakati huo alikuwa amesimama mlangoni, ndiye mlinzi. Hakusema zaidi, akanifungia samaki.

Tulipoingia Kwale bwana harusi alikuwa amesimama mlangoni pake, kanzu nyeupe, chetezo cha udi mkononi, uso umeng'aa. Lori likampita. Nilimwona akitutazama, akalitazama lori linavyokata kona kwenda mahakamani, akashika kanzu kwa mkono mmoja na chetezo kwa mkono wa pili, akaanza kukimbia nyuma yetu. Mdogo wangu alimpungia mkono kutoka ndani ya buibui, lakini angemjuaje.

Tuliingia mahakamani kama tunavyoingia nyumba ya harusi, matwari mbele. Nilipiga kigelegele mlangoni, si kwa ujasiri, bali kwa sababu kingebaki kifuani kingenipasua. Karani wa mahakama alitukimbilia mikono juu.

"Jamani! Hapa ni mahakamani, si harusini!"

Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya hakimu, karatasi mkononi, kinywa wazi. Mheshimiwa alikuwa amekaa raha mustarehe kando ya wakili wake. Mjane akateremka mgongoni kwa somo, ambaye alikaa palepale sakafuni kutafuta pumzi, mjane mwenyewe akaenda mpaka kizimbani, akainua shela kwa mikono yake miwili ya hina.

"Mimi ndiye shahidi," akasema. "Nimekatazwa kusema tangu alfajiri, nileteeni msahafu upesi."

Nilimtazama Mheshimiwa. Tumbo lilibaki palepale, ila yeye mwenyewe alionekana kupungua. Hakimu alitafsiriwa, akauliza kama mwanamke huyu ni bi harusi, akatafsiriwa tena, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anacheka.

Mjane akasema yote aliyoyaona, kwa sauti ile yake, na waliokuwa nje chini ya madirisha walisikia kila neno. Wakili alijaribu kumtega.

"Umefichwa na mwendesha mashtaka, sivyo?"

"Huyu mrefu?" Mjane akamgeukia mume wangu kwa huruma. "Ningejificha kwake ningekamatwa kabla ya adhuhuri. Uso wake hausitiri kitu. Mtazame hata sasa."

Mahakama nzima ikamtazama, ikacheka, na yeye alikuwa kweli amesimama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Wakili akamuuliza mume wangu mbele ya hakimu kama alijua shahidi alikuwa wapi, na mume wangu akasema Wallahi hakujua, na hata mtoto mdogo angemwamini. Kabla ya saa sita yule karani wa ghala aliyepatwa na maradhi ya kusahau akawa ameinua mkono kule nyuma, anaanza kukumbuka. Hukumu ilikuja baadaye. Mheshimiwa alifungwa, na mahindi yaliyobaki ghalani yakagawiwa Msambweni kwa mikono ya wanawake wa hapohapo. Siku ile lakini sisi tulikuwa na harusi ya kumaliza. Tulimvika mdogo wangu shela lake nyuma ya mahakama, somo akambeba, na baada ya ule mzigo wa asubuhi alisema huyu ni mwepesi kama pamba.

Alasiri nilirudi kwetu na sahani ya pilau. Mume wangu alikuwa amekaa barazani, hajavua hata viatu. Nilijua atanilaumu kwa kumficha, nikawa nimejiandaa kujibu, na nina mdomo.

"Unajua nilikuwa nimesimama kusema nini mlipoingia?" akaniuliza.

"Kwamba shahidi hayupo?"

"Kwamba ninaiondoa kesi."

Nikaiweka sahani chini. Akanieleza, akitazama viatu vyake. Ijumaa ile, alipokuwa akija kwenye nikaha, watu wawili walimsimamisha Ukunda. Hawakumtisha yeye. Walimwambia kisima ninachochota maji Mwabungo kiko upande gani wa nyumba, na mimi huenda saa ngapi, na watoto wangu hunifuata wakiwa wamevaa nini. Wakamwambia Jumatatu aamue. Hakuniambia kwa sababu hakutaka niogope katika harusi ya mdogo wangu.

"Nilikuwa nimeshamaliza kusema 'Bwana hakimu, upande wa mashtaka unaomba'," akasema. "Kilichobaki ni neno lenyewe tu. Ndipo nikasikia kigelegele mlangoni. Mke wangu, mimi kigelegele chako nakijua. Nikajua uko hai, uko hapa Kwale, wala huna hofu. Neno likarudi tumboni."

"Ungewaacha watu wa Msambweni na njaa yao?" nikamuuliza, na sauti yangu ilitoka kali.

"Ningewaacha," akasema. "Kwa ajili yako ningewaacha."

Nilimpenda pale kuliko siku aliyonioa, na nikamkasirikia kuliko siku yoyote nyingine, vyote viwili kwa wakati mmoja, na mpaka leo, yeye akiwa ameshatangulia mbele ya haki, sijaweza kuvitenganisha. Niliinama nikamvua viatu, nikamsogezea pilau, akala, nami nikakaa pale chini miguuni pake mpaka sahani ikawa tupu.